Mtu wa Ndoana

Kwanza nilisikia mchakacho. Nilikuwa nimechutama nyuma ya meza ya duka, napanga mafungu ya uzi wa nailoni, na juu ya kichwa changu kitu kikachakacha, kikanyamaza, kikachakacha tena, kama mbegu kavu zinazotikiswa ndani ya ganda lake. Nikadhani ni mteja anapima kiberiti kama kimejaa njiti. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, Kiswahili laini cha pwani ambacho sisi wa Mwanza tulikisikia redioni tu.

"Bibie, natafuta ndoana za nguru."

Nikainuka. Alikuwa Mzungu mrefu, shingo imeiva kwa jua, na mkononi ameshika samaki wa plastiki mwenye urefu wa kiganja changu: mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya fedha, macho mekundu ya kuchorwa. Gololi ndogo zilizofungiwa tumboni mwake ndizo zilizokuwa zinapiga kelele.

"Nguru ni nani?" mama mdogo, mwenye duka, akamwuliza.

"Samaki wa baharini. Mkubwa, mkali, ana mbio."

"Hapa ni ziwani, baba. Mkubwa na mkali ni sangara. Huyo mwingine hatumjui."

"Basi sangara," Mzungu akasema kwa furaha. "Lakini ndoana zake ziwe za nguru."

Akaeleza. Alikuwa amevua baharini miaka mingi, Mombasa na kusini yake, na sasa kazi ya kutafiti dhahabu imemleta upande wetu. Amenunua boti ndogo ya injini, amepata nahodha, na kila mwisho wa juma anavua kwa fimbo, akimvuta samaki bandia nyuma ya boti. Sangara wanamvamia yule bandia kwa pupa, lakini ndoana zinazokuja naye kutoka kiwandani zimetengenezwa kwa ajili ya samaki wadogo wa mito ya kwao. Akafungua kiganja cha pili. Ndani yake palikuwa na ndoana iliyonyooka kama msumari.

Mama mdogo akaichukua, akaibinya kwa vidole viwili, ikapinda upande mwingine.

"Hii ni pini ya nywele," akasema. "Niachie huyo mtoto wako. Njoo Ijumaa."

Mzungu akamlaza samaki mezani. Alipofika kizingitini akageuka na kusema kitu ambacho naamini yeye hakukipa uzito wowote.

"Ningempata mtu wa ndoana ndani ya boti ningemchukua leo. Nahodha ana usukani, mimi nina fimbo. Ndoana hazina mwenyewe."

Mama mdogo alibaki akiutazama mlango muda mrefu baada ya mtu kwisha kupita, na nilipomwambia kuna mteja mwingine anasubiri alinijibu neno lisilohusu mteja.

"Nauza ndoana tangu nilipoolewa," akasema. "Sijawahi kuona hata moja ikifanya kazi."

Ilikuwa kweli, na sababu yake kila mtu wa mwaloni, pale kwetu Kirumba mitumbwi inapopakulia samaki, aliijua. Mwanamke hapandi chombo cha uvuvi. Haruki nyavu zilizoanikwa, haketi juu ya ukingo wa mtumbwi, hata kama mtumbwi wenyewe umevutwa mchangani unangoja kuzibwa kwa pamba na lami. Wateja wetu, wanaume wenye mikono mizito kama makasia, walinunua ndoana kwa mama mdogo kila siku, na hakuna aliyezipokea mkononi mwake. Yeye alizimwaga mezani, wao wakaziokota. Baadhi yao walizipuliza kwanza kabla ya kuzitia mfukoni. Nilipokuwa mtoto nilidhani wanapuliza vumbi.

Yeye hakuliona kuwa tusi. Alikuwa binti wa mvuvi kutoka kando ya ziwa upande wa Mara, na mjane wa mvuvi, na alikuwa amekulia ndani ya miko hiyo kama mtu anayekulia katika nyumba yenye dari fupi: unainama, unapita, shingo inazoea. Sasa, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alitaka kupita bila kuinama. Aliitaka nafasi ile ya tatu ndani ya boti. Hakunificha. Aliniambia jioni ileile tukifunga duka, na akaniambia pia kikwazo ni nani. Mzungu alikuwa amemwachia nahodha mambo yote ya watu wa chombo, na nahodha alikuwa mtu wa miko kupita wavuvi wote wa pale.

"Atanikatalia," akasema, akisukuma komeo. "Basi akatae huku ndoana zangu ziko ndani ya boti yake. Tuone."

Miaka ile serikali ilipofungulia biashara, neno ruksa lilikuwa limeingia kila mahali, hata watoto waliomba ruksa ya kuongezewa ubwabwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nangoja matokeo, na nilikuwa katika umri wa kuona dunia nzima imeanza juzi. Kwa upande wa duka letu ilikuwa karibu kweli. Zamani lilikuwa na uzi wa aina moja na foleni ya kuungojea. Sasa lilijaa hadi darini: ndoana za Norwei, za Korea, za China, katika makopo ya bati na vijaluba vya karatasi ya rangi, nyingine zimepita Nairobi, nyingine zimekuja na treni kutoka Dar. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeota kando ya maji, na vyote vilimtaka sangara. Wavuvi walitega migonzo, zile kamba ndefu zenye mamia ya ndoana zinazolala majini hadi asubuhi, wakarudi mitumbwi imezama nusu kwa uzito. Mbele ya kazi kama ile, mtu anayeketi kitini akimvuta samaki wa plastiki ili apate mmoja tu alikuwa kichekesho.

"Anamdanganya sangara kwa mwanasesere," walisema, na walipopita dukani walimtikisa yule samaki kwa zamu, kisha wakamrudisha mezani kwa uangalifu mkubwa, kama watu waliokutwa wakichezea cha mtoto.

Mama mdogo hakucheka. Samaki yule alikuwa na ndoana mbili, moja tumboni na moja mkiani, na kila moja ilikuwa na meno matatu yanayotazama pande tatu. Yeye aliziita mafiga, kwa kuwa ukiisimamisha moja mezani inakaa kama inangoja sufuria. Alizing'oa zote, akamwaga makopo ya ndoana nene zenye meno matatu yaliyokuwa yamekaa rafuni bila mnunuzi tangu yaletwe, akaanza kuchagua.

Niliyojifunza siku zile ninayo mpaka leo. Kitu cha kwanza ni ncha. Unaivuta taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, haifai, iwe nene namna gani. Iking'ang'ania ukucha na kuacha mchirizi mweupe, hiyo ndiyo. Ikiwa butu unaipitisha kwenye tupa, ukielekea kwenye ncha daima, kamwe usirudi nyuma. Kitu cha pili ni unene wa mpindo, pale ndoana inapogeuka, kwa kuwa hapo ndipo sangara hupafungua. Sangara hakimbii mbali kama huyo nguru wa Mzungu. Anapanda juu, anaachama mdomo mkubwa unaoweza kumeza ndoo, na anatikisa kichwa kama mtu anayekataa kesi. Ndoana nyembamba haivumilii kukataliwa namna ile. Cha tatu ni urefu wa mguu: ndoana ya mbele isiifikie ya nyuma, la sivyo zitakamatana zenyewe njiani na samaki bandia atarudi amejifunga kama mtu aliyevaa shati na vifungo vimekosea.

Kitu cha nne hakuna aliyetufundisha. Tulikikuta majini.

Tulikwenda ufukweni asubuhi, mbali kidogo na mitumbwi, tukaingia mpaka mapajani. Mama mdogo alimfunga yule samaki kwenye ufito mrefu, akatembea akimvuta kando yake. Alikuwa amemvalisha mafiga manene kuliko yote dukani. Samaki akaogelea hatua chache, akalala ubavu, akaburutwa kama kiatu.

Wanaume waliokuwa wanashona nyavu juu ya jiwe wakatuona.

"Mama, unampeleka wapi huyo mbuzi wako?"

"Namfundisha kuogelea," akajibu bila kugeuka. "Wewe nani alikufundisha?"

"Mimi nilizaliwa najua."

"Ndiyo maana mwaka jana ulivutwa kwa kamba."

Wakacheka wote, na aliyechekwa akacheka zaidi ya wengine. Sisi tukaendelea. Ilionekana wazi: uzito wa ndoana ulikuwa unamlaza samaki wetu. Akivalishwa nyepesi alicheza vizuri, mkia unakwenda huku na huku, tumbo linametameta upande huu na upande ule, lakini hizo nyepesi ndizo pini za nywele. Akivalishwa nzito alikufa. Kwa hiyo kuchagua ndoana hakukuwa kutafuta yenye nguvu kuliko zote. Ilikuwa kutafuta ile nzito ya mwisho ambayo samaki anaweza kuibeba na bado akaonekana hai. Tulizijaribu nyingi mpaka vidole vya miguu yetu vikakunjamana, na ilipopatikana mama mdogo alisimama, maji yanamcheza mapajani, akimtazama samaki wa plastiki akitingisha mkia kana kwamba ana mahali pa kwenda.

"Mzuri mno," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini mimi natembea. Boti inakimbia. Huko anafanyaje?"

Ijumaa Mzungu alikuja na nahodha. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana na kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwa kali.

"Shikamoo, nahodha," mama mdogo akamwamkia.

"Marahaba, shemeji." Alimwita hivyo kwa kuwa aliwahi kuvua chombo kimoja na marehemu mume wake, na maishani mwake mwote sikumsikia akimwita vinginevyo. Akamwokota samaki mezani, akampuliza, akamgeuza. "Umemtia meno ya mamba."

"Sangara akija atasema mwenyewe."

Mzungu alivuta ncha moja juu ya ukucha wake, akaguna kwa kuridhika. Ndipo mama mdogo akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba angependa kwenda nao kesho amwone samaki wake akivutwa kwa mwendo wa boti. Mzungu akamtazama nahodha. Nahodha akatazama nje.

"Watu wa chombo ni kazi ya nahodha," Mzungu akasema.

"Mwanamke hapandi chombo cha uvuvi," nahodha akasema kwa upole. "Shemeji anajua. Si mimi nimeweka."

Wakaondoka na samaki. Mama mdogo akafagia duka lililokuwa limekwisha kufagiwa.

Jumatatu nahodha alirudi peke yake na mfuko wa rambo, akaumwaga mezani. Yakamwagika magugu maji: mizizi myeusi kama nywele, majani mviringo, hata ua moja la zambarau. Mwaka ule yalikuwa yameivamia ghuba yetu. Yalielea kama bustani zilizokosa mwenyewe, yakafunga mialo, yakazuia mitumbwi kutoka, na maua yake yalikuwa mazuri kiasi cha kumtia mtu hasira. Ndani ya fungu lile, kama mtoto aliyevaa wigi la bibi yake, alikuwemo samaki wetu.

"Mboga hiyo, shemeji," nahodha akasema. "Ndoana zako ni hodari sana wa kuvuna."

"Na sangara?"

"Mmoja alishika. Ndoana haikunyooka hata kidogo, hilo nakubali. Mkubwa kuliko mwanafunzi wa darasa la nne. Mzungu akampiga picha, akambusu, akamrudisha majini."

"Akamrudisha?"

"Akamrudisha. Nusura nilie." Akavua kofia, jambo ambalo sijalisahau, akaivaa tena. "Baada ya hapo ni magugu tu. Ukitupa, unavuta shamba."

Mama mdogo alichambua mizizi polepole kutoka kwenye meno ya ndoana. Alikuwa mtu wa kujisifu, simfichi. Lakini alijua kuangalia kosa lake usoni bila kupepesa.

"Nilichagua kwa kumfikiria samaki," akasema. "Sikuyafikiria maji. Meno matatu hushika kila kinachopita. Inatakiwa jino moja, litazame juu, magugu yapite chini yake."

"Hata mimi nimeona hivyo. Nitaagiza za baharini, Dar. Mwenyewe."

"Ninazo za jino moja hapa."

"Zako ni za migonzo. Nitaagiza."

Hakuwa mjinga. Alikwisha kuona kwamba kila ndoana aliyoitoa mama mdogo ilikuwa inamsogeza karibu na boti. Akaenda akamwagiza dereva wa lori.

Hapa lazima nieleze jinsi tunavyohesabu ndoana ziwani, maana kila kitu kiligeukia hapo. Kwetu namba ikipanda ndoana inapungua. Namba saba ni kubwa, namba kumi ni ya wastani, namba kumi na mbili ni ndogo. Mtoto wa mwaloni anajua hilo kabla ya kujua majira ya saa. Nahodha alikuwa ameangalia katika sanduku la Mzungu, akakuta ndoana ya baharini ya jino moja iliyogongwa nne na sifuri, akaipima kwa jicho, akaona ni kubwa kidogo. Kwa hiyo, akiwa mtu makini, akapandisha namba. Akamwambia dereva: kumi, na sifuri yake.

Kifurushi kilishushwa dukani kwetu, kwa kuwa utingo alijua kila kinachonuka uvuvi mahali pake ni pale. Nahodha akaitwa. Akakata kamba kwa kisu chake, akafungua karatasi, na sote tukainama kutazama.

Zilikuwa ndoana za kutundikia paja la ng'ombe. Samaki wetu wa plastiki angeweza kupita katikati ya mpindo wake bila kugusa pembeni. Mwenye bucha wa jirani, aliyekuwa amekuja kubadilisha noti, akaishika moja, akaipima kwa mkono, akauliza kama zinauzwa kwa jumla au moja moja.

"Nilisema kumi," nahodha akasema. "Nilitamka wazi. Kumi ni ndogo kuliko nne."

"Ziwani," mama mdogo akasema. "Hizi zina sifuri nyuma. Sifuri ikikaa nyuma hesabu inageuka. Inayopanda inakua."

"Nani aligeuza?"

"Watu wa baharini."

"Watu wa baharini wana matatizo."

Mwenye bucha alicheka hadi akashika meza. Mimi nilijificha nyuma ya kanga. Mama mdogo peke yake hakucheka. Alinyoosha kidole juu, kwenye boriti, mahali ambapo taa yetu ya chemli ilikuwa imening'inia tangu nikumbuke.

"Unaona hiyo iliyoshika taa?" akamwambia. "Na zile mbili zilizoshika mizani? Mzigo wangu wa kwanza kutoka Dar. Kumi sifuri. Nilitaka ndogo."

Nahodha akainua uso, akaziangalia moja baada ya nyingine. Kisha akavuta kigoda akaketi, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiketi dukani kwetu.

"Lete hizo za migonzo," akasema.

Zikamwagwa mezani. Mama mdogo akachagua nene yenye mguu mfupi, akaipitisha ukuchani, akaitia kwenye pete ya mkia wa samaki, ile pete ya chuma iliyosokotwa mara mbili kama ya funguo. Ndoana ikakaa kiubavu. Tundu la ndoana za migonzo limeelekea upande usiofaa kwa kazi ile, maana zilitengenezwa zifungwe kamba, si pete. Nahodha akakunja uso. Mama mdogo akaongeza pete ya pili juu ya ile ya kwanza, na ndoana ikajigeuza yenyewe, ncha ikatazama juu, imetulia nyuma ya mkia. Tumboni akaacha patupu. Jino moja mahali pa sita.

"Moja tu?" nahodha akauliza.

"Sangara anameza. Hana haja ya kuchaguliwa pa kushikwa."

"Uzito umepungua. Si ataogelea juu sana?"

Lilikuwa swali zuri, na niliona mama mdogo akifurahi kuulizwa. Akafunga waya mwembamba wa risasi kwenye pete ya tumbo iliyobaki wazi. Akasema mwendo wa boti ndio utakaosema kama unatosha. Nahodha akasema atatazama yeye mwenyewe na kumletea habari.

Alimletea siku iliyofuata, saa za mchana, akiwa bado na maji kwenye suruali.

"Magugu yanapita," akasema. "Hakuna mboga."

"Na anaogeleaje?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Anatikisa kichwa au mkia?"

"Anatikisa." Akafikiri. "Anatikisa vizuri."

"Ukiongeza mwendo?"

"Ukiongeza mwendo anarara kidogo." Alikuwa na ulimi wa kwao, na kulala kwake siku zote kulikuwa kurara.

"Anarara kushoto au kulia?"

"Shemeji, mimi niko kwenye usukani. Naangalia mbele. Kuna mawe kule."

"Sasa nani anaangalia nyuma?"

Nilikuwa nimemtilia chai, akainywa yote bila kuipuliza. Mama mdogo alichukua samaki, akasogeza risasi unene wa punje kuelekea kichwani, akaacha, akairudisha.

"Siwezi kuchagua nikiwa hapa," akasema. "Ni kama kumshonea nguo mtu anayepita barabarani. Risasi kidogo huku, pete ndogo kule, ndoana namba moja juu au chini, na kila boti ikiongeza mwendo mambo yanabadilika. Anatakiwa mtu anayetazama na kubadilisha palepale."

"Najua."

"Basi?"

"Basi unajua jibu, shemeji. Mwanamke hapandi chombo cha uvuvi. Mumeo alikuwa anasema hivyohivyo, Mungu amrehemu. Siwezi kwenda kuvua na mwanamke halafu Jumatatu nitazamane na wenzangu."

"Jumamosi ile ya sangara mlivua?"

"Tulivua wapi. Samaki tumemshika, tumembusu, tumemrudisha. Nimewaambia nyumbani nimetoka kuvua, mke wangu akauliza mboga iko wapi, nikakosa la kusema. Kule si kuvua. Ni mchezo wa Wazungu."

Alilisema kwa uchungu wa mtu aliyemwona sangara akizama na mkia wake mzima, na hakusikia alichosema. Mama mdogo alisikia. Aliweka koleo chini. Hakuinua sauti, hakutabasamu.

"Haya. Kama si kuvua, chombo hicho kinakuwaje cha uvuvi?"

Nahodha akatazama kikombe kitupu, akanitazama mimi kama aliyetegemea nimwonee huruma, kisha mabega yake mapana yakaanza kutikisika, na nilichelewa kutambua kwamba anacheka. Alicheka kwa muda, bila sauti, huku akifuta macho kwa kofia.

"Wewe mwanamke," akasema, "mumeo alikuvumiliaje?"

"Alikuwa mtu wa subira."

"Boti ya mchezo," nahodha akasema, akilionja neno. "Boti ya kutembeza mgeni. Siku tukipakia migonzo humo, unashuka."

"Nashuka."

"Mtu akiniuliza, nitasema wewe ni wa mgeni. Wa kuangalia vifaa vya mchezo."

"Sema unavyotaka. Mimi nitakuwa naangalia nyuma."

Akasimama. Kabla ya kwenda aliziokota ndoana zilizobaki mezani ili azirudishe kwenye kopo, na mama mdogo akanyoosha kiganja apokee. Nahodha akasita. Akaziweka mkononi mwake, moja kwa moja, bila kupitia mezani, akapuliza vidole vyake mwenyewe kidogo kwa mazoea, na kuondoka.

Jumamosi niliamka kabla hakujapambazuka vizuri, nikamkuta mama mdogo amekwisha kuvaa. Alikuwa na suruali ya marehemu mume wake, ameikunja hadi kwenye vifundo, na juu yake kanga ya kupitia barabarani, ataivua akishafika majini. Kwenye meza ya chakula alikuwa amelipanga bati la peremende: ndoana za jino moja za namba tatu tofauti, pete kubwa na ndogo, tupa, koleo, risasi iliyokatwakatwa. Alizigusa moja moja kwa ncha ya kidole, akarudisha moja ndani ya sanduku alilokuja nalo kutoka dukani, akachukua nyingine nene zaidi, akaipitisha ukuchani, akatia ndani.

"Nikusindikize?" nikamwuliza.

"Duka litafunguliwa na nani?"

"Wakiniuliza umekwenda wapi?"

"Waambie nimekwenda kazini."

Kuku wa jirani walikuwa wameanza kuparua. Kutoka mwaloni ilisikika injini ikijaribiwa, ikakohoa, ikazima, ikawaka. Alisimama akasikiliza mpaka ikatulia, na usoni mwake hapakuwa na hofu wala haraka. Alifunga fundo la kanga, akachukua bati lake kwapani, akanigusa bega kama anavyonigusa akiniachia funguo. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa, nilikuwa katika umri wa kutaka kusema vitu vikubwa, lakini yeye alikuwa amekwisha kuinua komeo na hewa baridi ya ziwa ilikuwa imekwisha kuingia kati yetu.

Akatoka. Akaurudishia mlango nyuma yake polepole mpaka ukashika, kama mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba, ingawa mwenye nyumba aliyebaki alikuwa mimi tu, nami nilikuwa macho.